Bangili ya Meza ya Pili

Kasha la tatu lilipopanda ngazi, Eom Pilnye alilitambua kabla hajaliona. Makasha ya kiwanda kile kazi yake ilikuwa kushuka. Yalijazwa ghorofa ya tatu, yakafungwa, yakateremshwa hadi kwenye gari lililosubiri mbele ya duka la tambi, basi. Kasha linalopanda ni kasha lililorudishwa. Alimsikia mbebaji akihema kwenye kona ya ngazi, akasikia kasha likitua sakafuni karibu na mlango.

"Dada, usigeuke," Bang Gwiok alimnong'oneza kutoka kiti cha jirani. "Ukigeuka watajua tunaogopa."

"Kwani unaogopa?"

"Mimi siogopi. Ila miguu yangu imeshatangulia nyumbani."

Msimamizi Pyo alilifungua kasha kwa kisu kidogo. Akatoa kinanda cha kwanza, kisanduku cha kijivu cha kuchezea nyimbo kinachoenea kiganjani, akakifungua mgongo na kutazama nyuma ya bodi, mahali ambapo kila mfanyakazi aligonga mhuri wa namba yake.

"Saba," alisema. Akachukua kingine. "Tisa. Tisa. Sita. Saba. Tisa. Nane."

Alisoma taratibu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Namba saba ilikuwa ya Pilnye. Namba tisa ilikuwa ya Gwiok. Sita na nane walikuwa wale wawili walioketi mkabala nao. Wote wanne walikuwa wa meza ya pili, ile ya dirishani. Hakukuwa na namba hata moja ya meza ya kwanza.

Pilnye alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka thelathini na mitatu mikono yake ndiyo iliyomlisha. Alitoka kwao Jeolla, kusini mwa Korea, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akapanda treni kwenda Seoul kushona nywele za bandia, unywele mmoja mmoja, mpaka vidole vikawa vyepesi kuliko macho. Baada ya nywele zikaja redio. Baada ya redio zikaja mashine za kanda, na kanda zilipoanza kufa akaja huku mji wa Bucheon, kwenye vinanda hivi vipya visivyo na kanda wala sahani, visivyo na kitu chochote kinachozunguka ndani. Siku ya kwanza alikitikisa kimoja sikioni kusikiliza kama kuna kitu kinacheza. Hakukuwa na kitu. Alipoambiwa kwamba mle ndani mna nyimbo tisa alicheka, akadhani wanamtania mshamba.

Sasa alikijua kinanda kile kama anavyolijua jiko lake. Mashine ya chumba cha mbele ilipanga kwenye bodi vile vipande vidogo vinavyofanana na ufuta. Zilizobaki zilikuwa kazi za akina mama: tundu la kuchomekea vipokea sauti, vitufe vitano, kioo chembamba cha kuonyesha namba ya wimbo, springi mbili za kushika betri. Katikati ya bodi palikaa chipu pana waliyoiita mpishi, kwa sababu ndiyo iliyopokea vitu vikavu na kutoa wimbo. Pembeni yake ziliwekwa chipu mbili za kumbukumbu. Hizo waliziita mitungi, kwa mfano wa mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa, kwa kuwa nyimbo zilihifadhiwa humo. Mitungi ilikuwa ghali kuliko vyote. Ilitoka kwenye kabati lenye kufuli, ikawekwa mwisho, kwa mkono, na kila mguu wa chipu ulipata tone lake la lehemu.

Na mitungi ndiyo iliyokuwa inakufa. Kinanda kilijaribiwa pale kiwandani, kikaimba vizuri, kikauzwa. Baada ya siku kumi, au ishirini, mwenye nacho akibonyeza kitufe kioo kinawaka kama kawaida, lakini mahali pa idadi ya nyimbo panaonyesha sifuri.

"Mtungi umepasuka kwa ndani," alisema fundi mkuu Seok, akiwa ameinamia hadubini. "Kwa nje huoni kitu. Nadhani ni joto. Mtu anashikilia chuma cha lehemu juu ya mguu muda mrefu kuliko inavyotakiwa."

Pilnye alipoyasikia hayo jasho jembamba lilimtoka mgongoni, ingawa chumba kilikuwa baridi kiasi cha kuona pumzi. Alikuwa na siri. Tangu kiangazi hakuiona miguu ya chipu sawasawa mpaka asogeze bodi mbali, karibu na magoti. Miwani alikuwa nayo, ameificha kwenye mfuko wa koti, na hajawahi kuivaa mbele ya watu. Katika mwaka ule, viwanda nchi nzima vilipokuwa vinapunguza watu, mama mwenye miwani alikuwa mama mzee, na mama mzee alikuwa wa kwanza kumwaga unga. Kwa hiyo alilehemu kwa kukisia na kwa mazoea ya vidole. Labda alishikilia chuma muda mrefu. Labda ni yeye.

Hofu ya mwaka ule haikuwa ya kiwandani peke yake. Mumewe, Chu Dalsik, alikuwa ametengeneza madirisha ya chuma kwa miaka ishirini, na kampuni ilifungwa ndani ya wiki moja. Mpaka leo kila asubuhi alifunga tai, akavaa koti, akachukua mkoba na kuwaaga majirani kama mtu anayewahi kazi, kisha akapanda kilima cha Wonmi na kukaa huko na wanaume wengine wenye tai mpaka jioni. Binti yao Yeonju alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Nyumba nzima ilisimama juu ya mhuri wa namba saba.

Jumatatu ile, baada ya kulimaliza kasha la tatu, Msimamizi Pyo alisimama mbele ya meza ya pili. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoanguka, na hakuwa mkali. Ndiyo maana maneno yake yaliwatisha zaidi.

"Akina mama," alisema, "Mkurugenzi ameamua. Kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi mmoja wa meza hii ataondoka. Namba yenye makosa mengi. Jina litabandikwa Jumamosi mchana."

"Namba ipi mpaka sasa, Bwana Msimamizi?" Gwiok aliuliza.

Pyo alitazama karatasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Saba ana kumi na moja," alisema. "Tisa ana kumi na nne."

Pilnye alijikuta akishusha pumzi. Aliisikia pumzi ile ikitoka, na Gwiok pia aliisikia.

"Shusha tu, dada," Gwiok alisema kwa sauti ya chini. "Hata mimi ningeshusha."

Gwiok alikuwa na miaka thelathini na sita, mjane, mwenye mapacha na mama mkwe asiyeinuka kitandani. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko yote pale mezani, na kwa kuwa alitengeneza vinanda vingi, namba yake ilirudi mara nyingi. Hilo kila mtu alilijua. Karatasi haikulijua.

Jumatano, wakati wa chakula, walifungua vikopo vyao juu ya meza kama kawaida na kila mmoja akasukuma mboga yake katikati. Mmoja alileta samaki wadogo wakavu, Pilnye alileta maharage ya soya yaliyopikwa kwa sukari, Gwiok alileta kimchi iliyoiva mpaka ikawa chachu.

"Kuleni," Gwiok alisema. "Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nakula mwenyewe na mama mkwe, na yule hasifii kitu. Juzi ameniambia kimchi yangu inamkumbusha marehemu mumewe. Nikafurahi. Kumbe anasema harufu."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Katika kumpiga mgongo yule aliyepaliwa, kiwiko cha Gwiok kiligonga kikopo, na mchuzi mwekundu ukamwagikia mikono ya Pilnye.

"Vikono vyako, dada. Nisamehe."

"Vitafulika."

Vikono hivyo Pilnye alivifuma mwenyewe mwezi wa kumi na moja, joto la jengo lilipozimwa ili kubana matumizi. Meza ya kwanza ilikaa karibu na jiko la mafuta ya taa. Meza ya pili ilikaa dirishani, na vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kulehemu. Basi akafumua sweta mbili za mumewe, za rangi ya kijivu yenye uzi mmoja wa bluu, sufu ya kiwandani si ya kondoo, akafuma mikono mirefu inayoanzia vifundo vya vidole mpaka juu ya kiwiko. Jozi nne kwa meza ya pili. Jozi ya tano alimpa Msimamizi Pyo, kwa sababu alisimama mlangoni penye upepo siku nzima. Pyo aliipokea kwa mikono miwili, akainama, na tangu hapo hakuivua. Akina mama walimshukuru Pilnye kwa viazi vitamu na sabuni. Ulikuwa wema wa kawaida tu.

Jioni ile alivifua vikono vyake, akavianika ndani. Asubuhi ya Alhamisi vilikuwa bado vibichi. Akaviacha.

Alipoketi mezani alichukua bangili yake. Kila mmoja alikuwa nayo: mkanda wa kitambaa wenye kibati kidogo upande wa ndani, na waya unaotoka kwenye kibati kupita chini ya meza hadi ardhini. Katika baridi kavu mwili wa mtu hukusanya umeme. Ni ule unaokuruka vidoleni ukigusa kitasa cha mlango. Mtu hausikii zaidi ya mdundo mdogo, lakini kwa mtungi unatosha kuupasua. Bangili huuchukua umeme huo na kuupeleka chini kabla haujaruka. Hayo waliambiwa siku ya kwanza ya kazi, wakayazoea, wakaacha kuyafikiri.

Pilnye alifunga bangili, na kibati kikamgusa ngozi. Kilikuwa baridi kama barafu. Akashtuka kidogo, akatabasamu, kisha tabasamu likafa. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alihisi ubaridi ule. Ulikuwa mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja hakuuhisi. Wa kumi na mbili hakuuhisi, wala mwezi huu wa kwanza. Kwa miezi mitatu alikuwa anafunga bangili juu ya kikono.

Aligeuza macho polepole. Gwiok alikuwa ameketi pale, bangili imekaza vizuri juu ya sufu ya kijivu. Kibati kiligusa uzi. Waya ulishuka hadi ardhini bila kubeba kitu. Mkabala, namba sita vivyo hivyo. Namba nane vivyo hivyo. Meza ya kwanza, karibu na jiko, walifunga bangili kwenye mikono mitupu.

 Hayakuwa macho yake. Haukuwa mkono wa Gwiok. Ilikuwa ni zawadi yake.

"Umekuwa mweupe, dada," Gwiok alisema. "Umemwona nani?"

"Nipe vikono vyako nikavifue. Nyote nipeni. Vimechafuka."

"Leo? Na baridi hii? Dada, wivu huo. Kwa kuwa vyako vimelowa, sote tugande?"

"Nipe, Gwiok."

Kuna kitu katika sauti yake kilichomfanya Gwiok avivue bila utani mwingine. Wale wawili wakavua pia. Pilnye alivikunja vyote na kuvitia mkobani chini ya kiti, na kutwa nzima miguu yake iliugusa mkoba ule kana kwamba una mnyama ndani.

Sasa njia zilikuwa mbili na zote zilimtisha. Akikaa kimya, vinanda vitaacha kurudi. Baada ya mwezi hakuna atakayeuliza. Namba saba itabaki, Yeonju atamaliza chuo, na Jumamosi Gwiok atashuka ngazi kwa kosa ambalo si lake. Akisema, basi vinanda arobaini na vitatu vilivyorudi, na vingine mamia vilivyokuwa bado mifukoni mwa watu vikisubiri kunyamaza, vyote vilikuwa vyake. Aliwaza kwamba wanaweza hata kumdai thamani ya mitungi. Aliwaza uso wa mumewe akisikia. Hakula mchana. Jioni aliiona miguu yake ikipita njia ya kwenda nyumbani, akashangaa kwamba inaikumbuka.

Ijumaa asubuhi alimfuata Pyo kwenye kona ya ngazi, akamweleza kwa sauti ya chini. Alieleza vibaya, akianza mwisho na kurudi mwanzo, lakini Pyo alielewa. Pilnye aliona jinsi alivyoelewa: mkono mmoja ulienda kwenye kikono cha mkono wa pili, ukakishika.

"Mama Yeonju," alisema, "umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi umeniambia mimi, na mimi sijasikia."

Akamwonyesha kwa macho ukutani kando ya mlango. Palikuwa na kisanduku cha kupimia bangili, kile ambacho kila mfanyakazi alitakiwa kukigusa asubuhi kabla ya kuketi. Bangili ikiwa nzima taa ya kijani inawaka, ikiwa mbovu inalia. Kilikuwa kimefunikwa mfuko wa plastiki tangu mwezi wa kumi.

"Kiliharibika," Pyo alisema. "Nilitakiwa kuomba kipya. Mwaka huu mtu anayeomba kitu anaonekana mzigo. Nikasema nitasubiri. Kila siku nimeandika kwenye daftari kwamba mmepimwa."  "Nimewaona mnafunga bangili juu ya sufu. Nimevaa sufu hiyo hiyo. Sikufikiri. Ukisema wewe, umenitaja na mimi. Nina miaka hamsini na miwili. Unaelewa?"

"Na Gwiok?"

"Gwiok ni kijana. Atapata kazi."

"Wapi, Bwana Msimamizi?"

 Pyo alitazama chini ya ngazi kama mtu anayesikiliza kasha linalopanda.

Pilnye alirudi mezani. Pembeni yake Gwiok, mikono mitupu ikiwa myekundu kwa baridi, alikuwa anapanga vifaa vyake kwa uangalifu mpya: kibano hapa, brashi pale, chuma cha lehemu kimepanguswa ncha. Alikuwa anavipanga kwa ajili ya mtu atakayekuja baada yake.

"Springi ya kiti hiki inachoma upande wa kushoto," Gwiok alisema bila kumtazama. "Atakayekaa hapa mwambie aweke kitambaa. Usimwache achomwe, hata kama hampendi kimchi."

Pilnye aliichomoa bangili yake kwenye waya wa meza. Aliinuka, akachukua mkoba, akatembea hadi mlango wa Mkurugenzi Ha, mlango ambao tangu aajiriwe hakuwahi kuugonga.  Alitoa miwani mfukoni akaivaa, hata hakujua kwa nini. Labda aliona ni aibu kusema nusu ya ukweli. Akagonga.

Mkurugenzi alikuwa na fundi Seok. Pilnye alivitoa vikono juu ya meza, akakivaa kimoja mkononi, akafunga bangili juu yake.

"Hivi ndivyo tulivyokuwa tunafanya," alisema. "Nilivifuma mimi. Wenzangu walivipokea tu. Kama ni jina, jina ni langu."

Seok aliinuka kabla hajamaliza. Alichukua kipimo chake, akagusisha waya mmoja kwenye bangili, mwingine kwenye ngozi ya vidole vya Pilnye. Sindano haikusogea. Akavuta kikono nyuma na kukandamiza kibati kwenye ngozi. Sindano ikaruka.

"Miezi mitatu," Seok alisema taratibu. "Na daftari linasema wamepimwa kila asubuhi."

 Pilnye aliulizwa mara mbili habari za kisanduku cha mlangoni, na mara mbili alisema yeye ni mtu wa kulehemu, hajui mambo ya daftari. Mkurugenzi akasema, "Acha hivyo vitu hapa. Rudi kazini."  Pilnye aliposhika kitasa cha mlango umeme ulimruka kidoleni, akaruka nao.

Usiku wa kuamkia Jumamosi hakupata usingizi. Mchana karatasi ilibandikwa. Akina mama wa meza ya pili walisimama nyuma, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, mpaka Gwiok akasema, "Haya, kama ni kunyongwa, tunyongwe tukiwa tumeshiba," akapenya mbele. Alisoma. Akasoma tena. Alipogeuka uso wake haukuwa na furaha.

"Ni Msimamizi," alisema.

Pyo aliondoka saa tisa, na kasha moja dogo la vitu vyake. Alipofika meza ya pili alisimama mbele ya Pilnye. Pilnye aliinuka, akasubiri tusi, alilitaka hata. Pyo aliinama tu, kama siku ile aliyopokea zawadi, akaenda zake. Hatua zake zilisikika mpaka chini.

Jumatatu kiliwekwa kisanduku kipya mlangoni. Kila asubuhi taa ya kijani iliwaka kwa Pilnye, na kila asubuhi kabla haijawaka moyo ulisimama. Miwani hakuivua tena, na hakuna aliyesema neno. Makasha yaliendelea kupanda kwa wiki kadhaa, maana mitungi iliyopasuka ilikuwa bado inanyamaza mmoja baada ya mwingine huko mjini.

Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, Pilnye alikuwa anakata keki za mchele kwa ajili ya supu ya sikukuu, na mumewe, aliyerudi kutoka kilimani, alikuwa ameketi sakafuni akipasha miguu.

"Mama Yeonju, kuna mtu mpya kule juu," Dalsik alisema. "Anakaa peke yake, benchi la mwisho. Mrefu, mabega yameanguka. Ana tai nzuri."

Kisu kilisimama.

"Hazungumzi na mtu. Lakini nimemtazama sana leo, kwa sababu ya mikono." Dalsik alinyoosha mkono wake, akaugusa kuanzia vifundo vya vidole mpaka kiwiko. "Amevaa vikono vya kijivu, vina uzi wa bluu. Nikajiambia, ule uzi naufahamu. Ni wa sweta yangu."

Pilnye aliendelea kuangalia kisu. Nje majirani walikuwa wanapita na vifurushi vya sikukuu.

"Ni sweta yangu, au siyo?"

"Ni yako."

Mumewe alisubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri, hasa mwaka ule. Pilnye alijua kwamba akianza kueleza itabidi aeleze yote, na kwamba kesho kutwa au wiki ijayo wale wawili watakaa benchi moja, na mmoja atamuuliza mwenzake alikuwa anafanya kazi wapi.

"Kesho ukipanda," alisema mwisho, "nitakufungia viazi vitamu viwili. Kimoja mpe yeye."

"Nimwambie vimetoka kwa nani?"

Pilnye alikata keki moja, na nyingine, nyembamba sana, mpaka kidole kikawa karibu na kisu.

"Akiuliza," alisema, "mwambie."

Kisha akakaa akisikiliza ngazi za nyumba yao, ingawa hakuna aliyekuwa anapanda.